Kipima unyevu cha mahindi kikikudanganya: kagua kwanza, kisha dai haki yako

Msimu wa mavuno ukianza Uasin Gishu, kuanzia Oktoba hivi, swali ni moja kila mahali: mahindi yako yako ngapi? Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB) inataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukifika dipo ya Eldoret na mahindi ya 15, ama utalipia kukaushiwa ama utageuza gari urudi nayo nyumbani.

Ndiyo maana wakulima wengi wananunua kipima unyevu chao wenyewe, na wengi hulipa kwa simu. Shida inakuja pale kifaa kinapoanza kutoa namba za ajabu. Leo tunakueleza jinsi ya kujua kama kweli kimeharibika, na jinsi malipo yako ya simu yanavyokusaidia kupata kingine.

Namba moja ikikosewa, unapoteza nini?

Kifaa kikisoma chini, utaweka ghalani mahindi mabichi ukidhani yamekauka. Yataota kuvu, na kuvu huleta aflatoksini, sumu ambayo haiishi kwa kupika. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125, wengi wao Ukambani.

Kikisoma juu, utaendelea kuanika mahindi ambayo yameshakauka. Gunia la kilo 90 lililo kwenye 13.5 likishuka hadi 11.5 hupoteza kama kilo 2. Kwa magunia 100 hizo ni kilo 200, yaani zaidi ya magunia mawili yameenda na jua, na wewe unalipwa kwa kilo.

Kabla ya kusema kimeharibika

Usikimbilie dukani bado. Mara nyingi kosa ni dogo:

1. Betri. Weka mpya, zote za aina moja. Betri ikiisha nguvu, namba huanza kurukaruka hata kama kioo bado kinawaka. Pangusa pia vile vyuma betri inapogusa.
2. Aina ya nafaka. Hakikisha umechagua mahindi. Kama mtu alipimia ngano akaacha hivyo, namba yako haitakuwa ya kweli.
3. Usafi. Vumbi na makapi kwenye kikombe au kwenye sindano hubadilisha matokeo. Tumia kitambaa kikavu au brashi laini, usioshe kwa maji.
4. Joto. Mahindi yaliyotoka juani sasa hivi yaache kivulini yapoe kwanza. Yaliyopata umande au mvua usipime mpaka maji ya juu yakauke.
5. Pima mara tatu. Tumia punje zilezile. Zikitoa 13.2, 13.5, 13.4, kifaa kiko sawa na wewe mwenyewe. Zikitoa 12, kisha 16, kisha 14, hapo kuna tatizo.
6. Linganisha. Funga sampuli kwenye chupa kavu yenye kifuniko, uipime kwenye mashine ya dipo au ya agroveti. Tofauti ndogo si ajabu. Ikiwa chako kinakosea kwa kiasi kilekile kila mara, huenda kinahitaji kurekebishwa tu. Ikiwa kinakosea ovyo ovyo, kimeharibika.

Huku ukisubiri kingine, kuna kipimo cha bibi zetu: chupa ya glasi kavu, chumvi kavu kiasi, na mahindi. Tikisa vizuri, acha dakika 15. Chumvi ikishikana au ikinata kwenye glasi, unyevu umepita 15, endelea kuanika. Isiponata, uko chini ya 15, lakini hilo bado halikuhakikishii kwamba umefika 13.5.

Kimeharibika kweli. Sasa?

Fungua simu utafute SMS ya malipo. Ina namba ya muamala, tarehe, kiasi, na jina la biashara. Hiyo ni risiti yako hata kama ile ya karatasi ilipotea. Umeifuta? Omba taarifa ya miamala ya mwezi huo.

Peleka dukani kifaa, boksi, kadi ya waranti na hiyo SMS. Beba na mahindi kidogo, pima mbele ya muuzaji aone mwenyewe. Mwambie unataka kirekebishwe, kibadilishwe au urudishiwe pesa. Sheria iko upande wako: Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inataka bidhaa unayouziwa iwe ya ubora unaofaa. Akikataa kabisa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Jambo moja wateja wetu huchanganya: kurudisha muamala si njia ya kudai kifaa kibovu. Kwa wanaotumia M-Pesa, kutuma ile SMS kwa 456 ni kwa pesa iliyoenda kwa mtu asiye sahihi. Hapa pesa ilifika kwa uliyekusudia, kwa hivyo muuzaji ndiye wa kukurudishia.

Akikubali, omba pesa ije kwa namba ileile iliyolipa. Ikifika, angalia salio, usiamini SMS peke yake. Na mtu akikupigia akisema anashughulikia "refund" na anahitaji PIN yako, kata simu.

Ukinunua kingine

- Beba mahindi, ukijaribu kifaa hapo kaunta kabla ya kulipa.
- Lipa kwa till ya duka, usitume kwa namba ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha.
- Ukiagiza mtandaoni, lipa baada ya kukipokea na kukipima.
- Andika namba ya muamala nyuma ya kadi ya waranti siku hiyohiyo.

Simu hupotea na SMS hufutika, lakini kadi iliyo kwenye boksi itakungoja mpaka msimu ujao. Tunakutakia mavuno mema!