Una mlango wa zamani wa mninga? Subiri kabla hujashika msasa

Kama umerithi nyumba ya zamani Tabora, Ujiji au popote kwenye njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo, huenda kitu cha thamani kuliko vyote pale ni mlango. Bati utabadilisha, sakafu utamwaga saruji upya. Lakini mbao ya mninga yenye unene ule, siku hizi utaitafuta sana.

Kama una nakshi, anza na sheria. Mlango au fremu iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kwa hiyo yule jamaa anayekuja na hela mkononi akitaka kuupeleka nje ya nchi, mwambie aonyeshe kibali. Wewe mwenyewe usiuguse kabla hujawauliza watu wa Mambo ya Kale. Ukitaka kuona nakshi za aina hiyo, nenda Tembe la Livingstone, Kwihara, nje kidogo ya mji.

Mlango usio na nakshi ni kazi yako. Shida ni rangi. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na hayo huharibu ubongo wa watoto. Usizikwangue zikiwa kavu wala usizichome moto. Lowanisha, tumia msasa wa maji, watoto wakae mbali, na uchafu wote uufunge kwenye mfuko. Vumbi la mninga nalo huwasha ngozi, wengine linawabana kifua. Barakoa hapa siyo urembo.

Mbao ikibaki tupu, iache ikauke kabisa. Kisha msasa namba 80, halafu 120, umalizie na 180, ukifuata nyuzi za mbao. Fundi akitaka kuleta grenda, mkatalie: inachimba mashimo, na vanishi ndiyo itayaanika.

Mlango unaopigwa jua upake vanishi ya nje, mikono mitatu myembamba. Wa ndani unatosha mafuta ya kitani, ila chunga matambara yake. Ukiyarundika yakiwa na mafuta hupata joto yenyewe mpaka yanawaka, bila hata kiberiti. Yatandaze nje yakauke.

Na ifanye kati ya Juni na Oktoba. Mvua za Tabora zikishaanza, vanishi itachelewa kukauka na mlango utavimba ukiwa bado haujafunikwa.