Dawa ya Moto Tumboni: Je, Inasaidia?

Saratani ya utumbo mpana isipogunduliwa mapema huweza kuenea hadi kwenye ini, mapafu, au utando unaozunguka matumbo. Ikifika kwenye utando huo, dawa zinazopitia mishipa ya damu huwa haziifikii vizuri.

Kwa sababu hiyo wapasuaji walibuni njia nyingine. Kwanza hukata uvimbe wote unaoonekana. Kisha, mgonjwa akiwa bado amelala usingizi wa dawa, humwagia tumboni dawa kali ya saratani iliyopashwa moto, huizungusha kwa muda, halafu huitoa.

Mwaka 2003 madaktari wa Uholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 105. Nusu ya waliopata matibabu ya kawaida walifariki kabla ya miezi 13. Kati ya waliopasuliwa na kumwagiwa dawa ya moto, nusu waliishi zaidi ya miezi 22. Watu walifurahi. Lakini ni kipi kilichosaidia: kisu au dawa?

Wafaransa walitafuta jibu. Kati ya mwaka 2008 na 2014, wagonjwa 265 walipasuliwa katika hospitali 17. Kwa kura, 133 walipewa dawa ya oksaliplatini yenye joto la nyuzi 43 kwa dakika 30, 132 hawakupewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Nusu ya waliopewa waliishi zaidi ya miezi 41.7, kwa wasiopewa ilikuwa miezi 41.2. Yaani dawa ile haikuongeza maisha. Isitoshe, siku 60 baadaye, madhara mazito yaliwapata 26 katika kila 100 ya waliopewa, na 15 katika kila 100 ya wasiopewa.

Hii haina maana kwamba kila dawa ya moto haifai. Hiyo ni dawa moja tu. Bali inatufundisha kwamba upasuaji makini ndio uliobeba mzigo, na kwamba tiba mpya si lazima iwe bora. Kabla familia haijauza shamba, imwulize daktari: Tiba hii imelinganishwa na nini? Inaongeza nini? Madhara yake ni yapi?

Na tusingoje hadi ugonjwa uenee. Ukiona damu katika choo kikubwa, choo kikibadilika kwa majuma kadhaa, au ukikonda bila sababu, nenda hospitali upimwe. Saratani hii ikigunduliwa mapema, mara nyingi hupona.