Sikukuu hifadhini: Ukirudi na homa, sema ulikokwenda

Nikiwa daktari kijana mkoani Tabora, alinijia fundi seremala wa miaka 38, ameshikwa mkono na mkewe. Alikuwa na homa siku ya kumi na mbili. Kipimo cha malaria cha kutoboa kidole kilikuwa kimesoma hana, mara mbili. Hata hivyo alikuwa amemaliza dozi nzima ya dawa mseto na kuanza ya pili, kwa sababu kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo.

Nami nilikosea. Nilifikiri ni homa ya matumbo, nikampa dawa, nikamwambia arudi. Baada ya siku tano mkewe alimrudisha akiwa hoi. Usiku halali, mchana anasinzia katikati ya mazungumzo. Safari hii niliomba damu yake itazamwe kwa darubini. Haikupita nusu saa, mtaalamu wa maabara akaniita: "Dokta, hebu njoo utazame mwenyewe."

Katikati ya chembe nyekundu za damu kulikuwa na vijidudu vinavyojinyonganyonga. Ilikuwa malale.

Ndipo nilipouliza swali ambalo ningeliuliza siku ya kwanza: "Kabla ya kuumwa ulisafiri wapi?" Mkewe ndiye aliyejibu. Wakati wa sikukuu alikwenda na binamu zake kwenye pori la Ugalla, kuvua samaki na kuona viboko. Shingoni bado alikuwa na alama ya jipu lililotokea pale alipoumwa na nzi.

Tulipopima maji ya uti wa mgongo tulikuta vimelea vimeshafika kwenye ubongo. Wakati huo dawa ya hatua hiyo ilikuwa na aseniki, sumu inayoweza yenyewe kumuua mgonjwa. Alipona, lakini baada ya wiki nyingi za kulala wodini. Siwezi kujua kama zile siku tano ndizo zilizoleta tofauti. Najua tu kwamba mimi ndiye niliyezipoteza.

Nayakumbuka haya kila Nane Nane inapogusana na Jumamosi na Jumapili. Maonyesho ya viwanja vya Ipuli yakiisha, familia hukodi gari. Wengine huenda Kwihara kwenye tembe alilokaa Livingstone, wengine Ugalla, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019 kuwa hifadhi ya taifa, na wengine hufuata njia ya zamani ya misafara mpaka Ujiji, kisha Gombe. Nendeni, ni nchi yenu. Ila jipangeni.

Somo la sanduku la dawa

Atakayefika Kwihara amkumbuke mwenye tembe. Mwaka 1867 watoro katika msafara wa Livingstone waliondoka na sanduku lake la dawa. Miaka iliyofuata aliandamwa na homa na kuhara damu, mpaka Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871, amedhoofika. Walirudi pamoja Kwihara mwaka 1872. Stanley alipoondoka mwezi Machi, mzee yule alisubiri hadi Agosti, wapagazi na vifaa walipofika, ndipo akaondoka. Alikuwa amejifunza kwa uchungu maana ya kusafiri bila dawa.

Wewe huhitaji miezi mitano, wiki moja inatosha. Hesabu vidonge vya presha, kisukari, kifafa au pumu, kisha ongeza vya siku tatu, maana gari huharibika. Vigawe katika mifuko miwili. Insulini usiiache kwenye buti la gari. Itie kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, kisha ndani ya chungu kilichofungwa kitambaa kibichi, ukiweke kivulini. Mwenye selimundu anywe maji njia nzima na awe na nguo nzito ya usiku, kwani Agosti Tabora huwa na baridi ya alfajiri.

Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi zaidi nchini. Ndugu anayekuja kutoka Ulaya, au kutoka maeneo ya baridi yasiyo na malaria, hana kinga tuliyoizoea sisi. Amwone daktari kabla ya safari apewe dawa ya kujikinga. Na kila mtu achukue chandarua chake, bila kutegemea cha nyumba ya wageni.

Wiki hiyo hiyo fanya malipo ya hifadhi. Viingilio hulipwa kwa namba ya malipo au kadi, si fedha taslimu. Nimeona familia zikikaa juani getini saa mbili, watoto wakilia kiu, kwa sababu mtandao umekataa.

Mjue ndorobo

Anayeambukiza malale ni mbung'o, ambaye wengi huku tunamwita ndorobo. Ni mkubwa kuliko nzi wa nyumbani, rangi ya udongo, na akitua hulaza mbawa moja juu ya nyingine kama mkasi uliofungwa. Huuma mchana, hufukuza gari linalotembea na huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Dawa za kupaka za kufukuza mbu hazimtishi sana, na nguo nyepesi huipenya.

Kwa hiyo vaa suruali na shati la mikono mirefu, kitambaa kizito, rangi ya kaki. Funga vioo unapopita vichakani na kagua gari kabla ya kupanda. Ukiona vitambaa vya bluu na vyeusi vimetundikwa mtini, usiviguse wala kupumzika karibu navyo. Ni mitego yake.

Si kila ndorobo ana vimelea. Ugonjwa wenyewe sasa ni nadra, na waliokuwa wakiupata zaidi ni warina asali, wavuvi na wachungaji wanaokaa porini kwa siku nyingi. Lakini hapo ndipo hatari ilipo: kitu kinaponadirika, sisi madaktari tunakisahau.

Anayekwenda Gombe ana wajibu mwingine. Mwaka 1966 sokwe wa huko waliugua polio, ugonjwa wa binadamu, na wengine walikufa au kupooza. Mafua yako yanaweza kumuua sokwe. Ukiwa na kikohozi, ahirisha. Na usikubali kuoga sehemu ya ziwa iliyotulia na yenye majani, kwani kichocho hukaa humo.

Ukirudi nyumbani

Andika kwenye simu au daftari tarehe ulizosafiri na mahali ulipolala. Kwa mwezi mzima jichunguze. Homa, kichwa kisichoacha kuuma, tezi zilizovimba au jipu pale ulipoumwa na nzi, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Malale ya upande wetu wa Afrika haina subira. Bila tiba, huua ndani ya wiki au miezi michache.

Ukifika, usisubiri kuulizwa. Sema: "Nilikuwa Ugalla tarehe fulani, ndorobo waliniuma." Kipimo cha kidole kikisema huna malaria na homa ipo, usimeze dawa mseto kwa kubahatisha. Kipimo kile hutafuta malaria peke yake, hakiwezi kuona malale. Omba damu itazamwe kwa darubini. Siku hizi kuna dawa ya vidonge isiyo na aseniki, na dawa za malale hutolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Kinachogharimu ni kuchelewa.

Yule fundi bado huja kunisalimu. Mwaka juzi aliniletea kigoda cha mninga alichokichonga mwenyewe. Nimekiweka chumbani kwangu, upande anaokaa mgonjwa. Kila mwenye homa anapokikalia, swali langu la kwanza ni moja: "Ulikuwa wapi?"