Tusingoje Tumbusi Atoweke

Mfugaji wa Bonde la Rukwa anapopotelewa na ng'ombe, kwanza huinua macho angani. Akiwaona tumbusi wanazunguka mahali pamoja, hujua mzoga uko wapi. Askari wa wanyamapori naye huisoma alama hiyo hiyo, na jangili anaijua pia. Ndiyo maana baadhi ya majangili hutia sumu katika mzoga wa tembo, ili ndege hao wasiwafichue. Mwaka 2019 nchini Botswana, mizoga mitatu ya tembo iliyotiwa sumu iliua tumbusi zaidi ya 500.

Tumeanza na habari hiyo kwa kuwa ulimwenguni yapo mazungumzo mengi juu ya kuwarudisha porini ndege walao nyama ambao wamekwisha toweka au wanakaribia kutoweka. Ni kazi njema, nasi tunaiheshimu. Lakini sisi wa Sumbawanga na wa Ufipa nzima hatuna budi kujiuliza swali lililo karibu zaidi: je, tungoje tumbusi wetu watoweke ndipo tuanze kuwarudisha?

Na tuitazame kazi yenyewe. Katika kisiwa cha Morisi, dawa ya DDT na ukataji wa misitu viliwamaliza kozi wa huko, hata mwaka 1974 wakajulikana kubaki 4 tu porini. Waliokolewa kwa kuchukuliwa mayai, kulelewa vifaranga mikononi mwa watu na kuachiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Huko California, Marekani, tumbusi wakubwa waitwao kondori walibaki 27 mwaka 1987, wote vizimbani. Walianza kuachiwa tena mwaka 1992, na leo, walio porini na walio vizimbani pamoja, wamepita 500. Hata hivyo wangali wanakufa kwa madini ya risasi yaliyomo katika mizoga ya wanyama waliopigwa bunduki. Kumrudisha ndege bila kuiondoa sababu iliyomwua ni kutia maji katika pakacha.

Nasi Watanzania tunaijua gharama ya kurudisha kilichopotea. Bwawa la umeme la Kihansi lilipopunguza maji ya maporomoko, vyura wadogo wasiopatikana penginepo duniani walianza kwisha. Mwaka 2000 mamia kadhaa walipelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2012 ndipo vizazi vyao walipoanza kurudishwa korongoni, na mitambo ya kunyunyiza maji ilibidi ifungwe ili wapate kuishi. Ikiwa chura wa ukubwa wa sarafu alitugharimu hivyo, atatugharimu nini ndege avukaye mipaka ya nchi kutafuta chakula?

Mwaka 2015 tumbusi mgongo-mweupe, pamoja na wenzake kadhaa wa Afrika, waliwekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Jike lake hutaga yai 1 tu kwa mwaka, na kifaranga huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Mzoga mmoja wenye sumu huweza kufuta asubuhi moja kizazi kilicholelewa kwa miaka mingi.

Atakayesema kwamba huyu ni ndege mchafu asiye na faida, na aitazame India. Dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki, waliyopewa ng'ombe, iliwaua tumbusi kwa mamilioni waliokula mizoga ya ng'ombe hao, hata serikali ikapiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006. Mizoga ilibaki ikioza, na mbwa wa mitaani wakaongezeka.

Hata hivyo tusimtukane mfugaji. Aliyeliwa ndama wake na fisi hashibi maneno ya mkutanoni. Huona dawa ya kuulia wadudu dukani, akaipaka kwenye nyama, akaitega. Hakumkusudia tumbusi, lakini tumbusi ndiye anayetangulia kufika. Sisi viongozi tumezoea kumkataza na kuondoka. Zipo kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho kwa hasara ya wanyama wakali; lakini kifuta jasho kikichelewa, sumu hutangulia. Zizi imara la usiku, dawa za shambani zisizouzwa ovyo, na taarifa ya mapema kwa ofisa wa wanyamapori, hayo ndiyo maneno yenye mkono ndani yake.

Kuna na adui mwingine, naye ni imani. Sehemu za Afrika kichwa cha tumbusi hutafutwa kwa ajili ya ramli na bahati. Mji wetu wenyewe, kama wazee wanavyoeleza, maana ya jina lake ni kutupa uchawi. Itakuwa aibu iliyoje mji wa jina hilo ukiacha kiungo cha ndege kiuzwe kama bahati!

Wala tusiseme kwamba haiwezekani kupigana na madhara bila kuua kila kirukacho. Mwaka 2009 nzige wekundu walipozaana katika mbuga za Katavi na Ziwa Rukwa, walinyunyiziwa dawa itokanayo na kuvu, iuayo nzige na isiyowadhuru ndege wanaowala. Palipokuwa na nia, njia ilionekana.

Kwa hiyo mwito wetu ni huu. Ajenda ya sumu na iingie katika mikutano ya vijiji na kata, kama zinavyoingia ajenda za maji na barabara, na kila diwani aulize: kifuta jasho cha nani hakijafika? Kumtunza tumbusi aliye hai hakuhitaji vizimba wala wataalamu wa mbali. Kunahitaji sisi tufike kwa mfugaji kabla ya sumu kufika.