Gari kavu ya kiangazi

Kwenye gereji moja ya Mwanakwerekwe, Unguja, fundi amejifungia ndani ya gari aina ya Noah na kurunzi mkononi. Nje, kijana wake anaimwagia gari maji kwa mpira. Wameanzia chini ya mlango, wakapanda kwenye kioo, hakuna kitu. Mpira ulipofika taa ya nyuma, fundi akagonga bati: "Hapo hapo!" Tone lilichungulia kwenye raba ya taa, likafuata waya mpaka sakafu ya nyuma. Gazeti alilolitandika hapo limeshaloa.

Mwenye gari aliinunua kwenye yadi ya magari mwezi wa Januari, jua kali. Masika ilipoanza, kapeti likanuka uvundo. Akarudi kwa muuzaji, akapakiwa silikoni bure, akashukuru. Leo ni mara ya tatu inavuja.

Silikoni hiyo ya bure ndiyo matengenezo ghali kuliko yote katika biashara hii. Mara nyingi ni ile ya madirisha ya nyumba, yenye harufu ya siki, na asidi yake hula chuma. Maji nayo hayajazuiwa. Yametafuta njia nyengine. Chini ya kapeti kuna sponji linaloyashika wiki nzima na zaidi, na chini ya viti zimepita waya, pamoja na za mifuko ya hewa. Kinachoanza kwa harufu huishia kwa fundi umeme.

Gari nyingi za Unguja huja zimeshatumika Japani, nyengine zikipitia soko la Ducamz, Dubai. Karatasi ya mnada wa Japani huonesha mikwaruzo, mibonyeo na ajali. Raba iliyokakamaa ni nadra kuikuta humo. Dubai nako, tarehe 16 Aprili 2024, mvua iliyovunja rekodi za tangu 1949 ilizamisha magari barabarani. Gari iliyozama huoshwa ikang'ara. Kwa hiyo mimi huvuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake: kule ndani tope hubaki, mkono wa muoshaji haufiki.

Si kila kuvuja ni kosa la muuzaji. Wakaazi wa Mji Mkongwe hawana pa kuweka gari vichochoroni, huziacha pembezoni, mara nyengine chini ya miti. Majani huziba matundu ya maji chini ya waipa, na mvua ikamiminikia miguuni mwa abiria. Kapeti likiloa siku ya jua, tazama mpira wa kutolea maji ya AC.

Lakini taa na milango ni dhamana ya muuzaji siku ya kuuza. Raba si ghali. Ghali ni siku mbili za kung'oa viti, kutoa kapeti na kukausha, na hizo ndizo anazozikwepa. Naamini yadi itakayomwaga maji mbele ya mnunuzi kabla ya kupokea pesa itapata wateja wa kudumu. Kwa nyengine zote, mnunuzi adai ahadi ya matengenezo iandikwe kwenye risiti, kwa sababu Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar husikiliza malalamiko ya walaji, na neno la mdomo ni gumu kulithibitisha.

Fundi ameshafungua taa. Anakwangua silikoni kwa kisu, tabaka tatu, na chini yake bati limegeuka rangi ya chai.