Speke: Jina la Ndege Lililofika Ziwa Viktoria

Ghuba ya Speke ni mkono wa Ziwa Viktoria unaoingia bara upande wa mashariki wa Mwanza. Kaskazini umepakana na Ukerewe, na fukwe za Magu, Busega na Bunda zimeuzunguka kusini na mashariki. Mito ya Simiyu, Mbalageti na Grumeti yote inamwaga maji humo. Usiku wa giza, taa za wavuvi wa dagaa hutapakaa juu ya maji hayo hata mgeni akadhani ng'ambo kuna mji. Jina la ghuba hiyo halikuzaliwa ziwani. Ni jina la ukoo wa Kiingereza, na asili yake ni ndege.

Katika Kifaransa cha kale, espeche ni kigong'ota, ndege anayetoboa miti kwa mdomo. Lilikuwa jina la utani la mtu, kisha likarithiwa na watoto wake. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, majina ya namna hiyo yalivuka bahari pamoja nao. Katika karne ya 12 anaonekana Walter Espec, kabaila wa kaskazini aliyeanzisha abasia ya Rievaulx mwaka 1132 na kupigana na Waskoti mwaka 1138. Huko kusini magharibi, katika jimbo la Devon, watu wa jina hilohilo waliacha alama katika kijiji kinachoitwa Brampford Speke mpaka leo. Irabu ya mwanzo ilidondoka kwenye ndimi za Waingereza, kama ilivyodondoka katika maneno mengi waliyoyatoa kwa Wafaransa. Mswahili hufanya kinyume: huongeza irabu ili konsonanti zisibanane, ndiyo maana tuna gilasi na buluu.

Hapa inafaa tahadhari. Karibu na Liverpool kuna mahali panapoitwa Speke, palipoandikwa Spec katika daftari la kodi la mwaka 1086. Jina hilo limetokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya fito au vijiti, na waliojenga jumba mashuhuri la hapo walikuwa akina Norris. Kwa hiyo wenye majina ya Speke, Speak au Speake si lazima wawe wa damu moja: wapo wa ndege na wapo wa fito. Jina la Usukumani, huku kwenye ghuba yenyewe, haliwezi kumchanganya mtu hivyo. Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ni anayewafuata, na kila kizazi kinayatumia upya kwa jambo lilelile. Jina la ukoo la Kiingereza huganda, hata maana yake ikishasahauliwa na wanaolibeba.

Katika karne ya 15 akina Speke wa Devon walipanua mizizi hadi jimbo jirani la Somerset kwa njia ya ndoa, wakapata ardhi Whitelackington na Dowlish Wake. Mmoja wao, Charles Speke, alinyongwa mwaka 1685 baada ya uasi wa Duke wa Monmouth dhidi ya Mfalme James wa Pili. Baadaye makao ya ukoo yakawa shamba la Jordans, karibu na mji wa Ilminster.

Huko ndiko kulikokuwa kwao John Hanning Speke, aliyezaliwa Mei 1827 na kuwa ofisa wa jeshi nchini India. Julai 1858 aliondoka Kazeh, yaani Tabora ya leo, akiwa na Sidi Mubarak Bombay, huku mwenzake wa safari, Richard Burton, akibaki nyuma. Tarehe 3 Agosti msafara ulipanda kilima karibu na Mwanza, nchi iliyokuwa chini ya mtemi Mahaya, na ziwa likafunguka mbele yao. Speke aliliita kwa jina la malkia wake. Mkono wa maji aliouona njiani aliuita Jordans, kwa jina la nyumbani kwao. Kilima akakiita Somerset, akidai kwamba hakikuwa na jina la wenyeji. Dai hilo ni gumu kulikubali, maana Usukumani hata jabali la njiani lina jina lake.

Jina lake mwenyewe lilitiwa kwenye ramani na mtu mwingine. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipiga kambi Kageye, akalizunguka ziwa kwa mashua yake ya Lady Alice, na ghuba hiyo akaiita Speke. Stanley mwenyewe alikuwa amezaliwa Wales kwa jina la John Rowlands. Jina la Stanley, ambalo kwa asili ni uwazi wa msituni wenye mawe, alilichukua ukubwani. Speke hakuwapo kupokea heshima hiyo. Alikuwa amekufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, kabla ya kuoa, akazikwa Dowlish Wake.

Majina ya Somerset na Jordans hayakushika Mwanza. Jina la Speke limeshika katika ghuba, na katika jina la kisayansi la nzohe, Tragelaphus spekii, swala wa majini mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kukanyaga matope bila kuzama. Anaishi kwenye vinamasi vya Kisiwa cha Rubondo, magharibi mwa Mwanza.