Kombe la Mataifa ya Afrika (1): Timu ya Nne Iliyokosekana Khartoum

Kombe la Mataifa ya Afrika tunalolizoea, lenye timu 24 na mwezi mzima wa mechi, lilianza na mechi mbili tu. Zilichezwa Khartoum, Februari 1957. Hapakuwa na makundi wala robo fainali, na timu zilizoshuka uwanjani zilikuwa tatu: wenyeji Sudan, Misri na Ethiopia.

Zilipaswa kuwa nne. Afrika Kusini nayo ilikuwa miongoni mwa waasisi wa Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lililoundwa siku hizo hizo mjini Khartoum. Lakini chama cha soka cha makaburu kilikuwa tayari kuleta timu ya weupe watupu, au ya weusi watupu. Timu ya mchanganyiko, hapana. Wenzao wakakataa, na Afrika Kusini ikakosa mashindano.

Nauona uamuzi huo kuwa mkubwa kuliko bao lolote lililowahi kufungwa katika kombe hili. Tukumbuke ulifanywa na nani, na wakati gani. Sudan ilikuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru. Ghana ilikuwa bado Gold Coast, ikihesabu siku hadi tarehe 6 Machi. Tanganyika ilikuwa bado na karibu miaka mitano ya kusubiri. Shirikisho changa la wanachama wanne lilikubali kubaki na watatu, na mashindano yake ya kwanza yakapungua hata kabla mpira haujawekwa kati. Wangeweza kusema siasa isiingizwe michezoni, kauli ambayo wakubwa wa soka duniani waliendelea kujifichia kwa miaka mingi. Hawakuisema.

Ethiopia ndiyo iliyokuwa imepangiwa kukutana na Afrika Kusini, hivyo ikapata ushindi wa mezani na kuingia fainali bila kugusa mpira. Katika nusu fainali pekee iliyochezwa, tarehe 10 Februari, Misri iliwafunga wenyeji 2-1. Raafat Attia alifunga kwa mkwaju wa penalti, na hilo likawa bao la kwanza katika historia ya kombe. Siku sita baadaye Misri iliilaza Ethiopia 4-0, na mabao yote manne yalikuwa ya mtu mmoja, Mohamed Diab El-Attar, maarufu kwa jina la Ad-Diba. Huyu mtu ana habari yake: mwaka 1968, Congo-Kinshasa ilipotwaa ubingwa kwa kuifunga Ghana 1-0 mjini Addis Ababa, mwamuzi wa fainali alikuwa yeye.

Mlango uliofungwa Khartoum haukulegezwa. Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia, aliyeiongoza CAF kuanzia 1972 hadi alipofariki 1987, aliupigania msimamo huo katika vikao vya dunia mpaka mwisho wa maisha yake. Hakujaliwa kuona siku ambayo Afrika Kusini ilirudishwa kundini, mwaka 1992.

Fainali za 1996 zilikuwa zimepewa Kenya, lakini maandalizi yalisuasua na uenyeji ukahamishiwa Afrika Kusini. (Zamu ya kwetu imepangwa 2027, kwa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Naomba safari hii tusizembee.) Nigeria, mabingwa wa 1994, walijitoa, zikabaki timu 15. Tarehe 3 Februari, katika mechi ya mwisho kwenye uwanja wa FNB pembeni mwa Soweto, Tunisia iliwabana wenyeji Afrika Kusini hadi zilipobaki dakika kama ishirini hivi. Ndipo Mark Williams, aliyetokea benchi, akatikisa nyavu mara mbili, bao la pili likifuata la kwanza kwa dakika chache tu.

Nelson Mandela alikuwepo, amevaa jezi ya timu. Nahodha aliyeinua kombe, Neil Tovey, alikuwa mzungu, na waliomzunguka wakishangilia wengi wao walikuwa weusi. Ndiyo timu iliyoombwa Khartoum miaka 39 nyuma, ikakataliwa na makaburu.

Wiki ijayo tutakwenda Addis Ababa, Januari 1962, ambako Uganda ilicheza miezi tisa kabla ya kupandisha bendera yake.